Hema la Juu ya Gari kwa Safari ya Wawili: Kutoka Kampala hadi Kidepo

Ndugu watazamaji, karibuni. Bidhaa ninayoichambua leo ni hema la juu ya gari, lile linalofungwa kwenye keria na kukunjuliwa wakati wa kulala. Mimi na mume wangu tulilikodi hapa Kampala likiwa tayari limefungwa juu ya Prado, tukapita nalo Mbale, Kumi, Soroti na Moroto hadi Hifadhi ya Taifa ya Bonde la Kidepo, kisha tukarudi kwa njia ya Kitgum na Gulu. Wengi wenu mmekuwa mkiuliza kama watu wawili wanaweza kuzunguka nyanda kame za Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, wakiwa wamebeba malazi yao wenyewe. Wanaweza, na hema hili linastahili gharama yake mnapokuwa njiani. Mkishaingia ndani ya hifadhi, hapo ndipo nitakapokuwa na maneno zaidi.

Nianze na uzito, kwa sababu ndio unaosahaulika. Hema la watu wawili la aina hii, lenye sakafu ya alumini, godoro na ngazi, huwa na kilo kati ya 50 na 70. Gari linapotembea, paa hubeba mzigo mdogo kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa kila shimo na kila kona huongeza nguvu inayoivuta keria, ilhali gari likisimama paa hilohilo linahimili hema pamoja na watu wawili waliolala bila wasiwasi wowote. Kwa hiyo kabla ya kuuliza rangi ya turubai, uliza kiwango cha mzigo wa paa kilichoandikwa katika kitabu cha gari, kisha utoe uzito wa keria yenyewe. Vilevile gari huwa refu zaidi na hulala upande kwenye kona, upepo wa ubavuni hulisukuma, na mafuta huisha upesi kuliko ulivyozoea.

Mwanzo wa safari haukulipa hema kazi yoyote. Katika soko la kando ya barabara la Namawojjolo tulinunua gonja, yaani ndizi za kuchoma, na kuku wa kuchoma kupitia dirishani, tukapenya msitu wa Mabira, tukavuka daraja jipya la Nile pale Jinja, lile la nyaya lenye urefu wa mita 525 lililofunguliwa mwaka 2018, ambalo kila abiria hutamani kulipiga picha ingawa kusimama juu yake hairuhusiwi.

Faida ilianza kuonekana Kumi. Karibu na mji huo kuna miamba ya Nyero, mahali ambapo watu wa kale walichora kwa rangi nyekundu duara ndani ya duara, nyingine zikiwa juu sana kwenye uso wa jiwe, na ninawasihi msipite bila kupanda kuziona. Mwanga mzuri wa kutazamia michoro hiyo ni wa jioni, na mtu mwenye chumba alichokilipia Soroti angelazimika kuondoka mapema ili asiendeshe gizani. Sisi tuliomba nafasi katika ua wa nyumba ya wageni, tukalipia choo na maji ya kuoga, tukakunjua hema. Mnachohitaji ni ardhi tambarare, kwa sababu gari likiinama kidogo tu, mmoja wenu atamlalia mwenzake usiku kucha. Mume wangu alikuwa akitia vipande vya mbao chini ya tairi hadi maji yaliyo katika chupa yakae sawa.

Baada ya Katakwi nchi inabadilika. Mlima Napak unajitokeza upande mmoja, na mbele yenu unakuja mlima Moroto wenye mita 3,083. Karamoja si jangwa kamili, maana mvua hunyesha na mtama huota, lakini wakati wa kiangazi ungeliita hivyo bila kubishiwa: makorongo yaliyochimbwa na maji yamekauka, mito imebaki mchanga mtupu, na wanawake huchimba mashimo katika mchanga huo ili kupata maji yaliyojificha chini. Kando ya barabara utaona wazee wamekalia ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho pia ni mto wa kulalia kichwa. Vigoda hivyo huuzwa, nasi tulinunua kimoja.

Hapa niseme jambo la usalama kwa uzito unaostahili. Eneo hili limepitia miaka mingi ya wizi wa ng'ombe kwa silaha, hivyo msilale porini kando ya barabara kwa sababu tu hema linawaruhusu. Tulikuwa tunalala kwenye ua wa misheni au nyumba ya wageni, na palipokuwa na kijiji tulimtafuta kwanza mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ambaye kwa kawaida ndiye anayejua hali ya siku hiyo kuliko taarifa yoyote mtakayoisoma Kampala.

Kasoro kubwa ya hema lenyewe ni zipu. Vumbi la barabara ya Kotido na Kaabong ni laini kama unga, linaingia kati ya meno ya zipu, nayo hukwama nusu ya mlango wakati ambapo mbu wameshaamka. Tulizisugua kwa mswaki mkavu, kisha tukazipaka kipande cha mshumaa, zikateleza tena. Kasoro nyingine ni ngazi: kuteremka kinyumenyume usiku wa manane, tochi mdomoni, kwa ajili ya haja ndogo, ni jambo ambalo wanandoa wanapaswa kulijadili kabla ya kulipa dhamana.

Sasa Kidepo. Hifadhi hii yenye kilomita za mraba 1,442 ina simba wanaolala juu ya miamba, ina duma na mbuni, na saa bora ya kuwatazama ni alfajiri. Lakini gari lenu ndilo chumba chenu cha kulala, kwa hiyo kila alfajiri mnaamka, mnakunja turubai, mnafunga mikanda, mnavuta kifuniko na kupandisha ngazi huku jua likitangulia. Wenye hema la kawaida la ardhini huliacha kambini na kuondoka. Wapo wanaosema kulala juu kunawalinda na wanyama. Kunapunguza hofu, nakubali, ila tembo hufika pale Apoka, kambi iliyo ndani ya hifadhi, na paa la Prado si urefu wa kumzuia. Wasikilizeni askari wa hifadhi, na msiweke matunda ndani ya hema.

Tulipokwenda chemchemi za maji moto za Kanangorok tulipita kwenye mchanga wa mto Kidepo, kati ya miti ya mivumo, na hapo mzigo wa juu ulijionyesha waziwazi. Tulipunguza upepo wa tairi hadi kama psi 20, gari likapita polepole likiyumba. Mvua zikianza, udongo mweusi wa bonde hunata hadi tairi zisizunguke, na gari zito juu ni gumu zaidi kulitoa. Nendeni kati ya Desemba na Februari.

Kama mtakaa Kidepo zaidi ya mtakavyokaa njiani, kodini banda la Apoka na gari tupu. Kama raha yenu ni njia yenyewe, chukueni hema, lakini likunjulieni palepale kwa mwenye gari kabla ya kutia saini: vuteni kila zipu, nuseni godoro kama lina ukungu, pandeni ngazi nyote wawili, na mwandikiane ni nani atakayelipia turubai likirudi limelowa.