Barua ya Kiwanda ya Smith & Wesson: Kinachothibitishwa na Kinachobaki kwa Mwenye Silaha

Anayerithi rivolva ya zamani ya Smith & Wesson huuliza maswali mawili kwa pamoja: ni ya aina gani, na ina thamani gani. Huduma ninayoitathmini hapa hulijibu swali la kwanza vizuri mno, na la pili hulijibu nusu tu. Ni barua inayotolewa na Smith & Wesson Historical Foundation ya Marekani, taasisi inayopekua kumbukumbu za kiwanda cha Springfield, Massachusetts, na kumwandikia mwombaji rivolva yake ilisafirishwa tarehe gani, ilipelekwa kwa nani, na ilitoka ikiwa na mtutu wa urefu gani, rangi gani na mipini ya namna gani. Kazi hii imefungamana na jina la Roy Jinks, aliyekuwa mwanahistoria wa kiwanda hicho kwa miongo kadhaa. Ada ni dola 100 hivi, na anayeomba asitarajie jibu la siku mbili, kwa maana kuna mtu anayepekua makaratasi ya zamani kwa ajili yake.

Usahihi wa barua unategemea namba ya mfululizo, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Baada ya kuhakikisha kwamba rivolva haina risasi hata moja, fungua silinda, nawe utaona namba ndogo zilizopigwa kwenye fremu, mahali ambapo mkono unaobeba silinda hujikunja. Wauzaji wengi huzinukuu hizo, ilhali mara nyingi ni alama za mafundi waliokuwa wakiunganisha vipande kiwandani. Kwa rivolva za nusu ya kwanza ya karne ya 20, namba halisi imo chini ya kitako, na kwa kawaida hurudiwa nyuma ya silinda, chini ya mtutu, na upande wa ndani wa mpini wa kulia. Zote zikilingana, umekwisha kujua jambo lenye uzito mkubwa sokoni, yaani kwamba vipande hivyo vimekuwa pamoja tangu mwanzo, na barua peke yake isingeweza kukuhakikishia hilo.

Chukua mfano wa rivolva ya Vita Kuu ya Pili inayojulikana kama Victory. Namba za rivolva za kiwanda za kipimo cha risasi cha .38 zilipofika 1,000,000 mwaka 1942, hesabu ilianza upya kwa herufi V, na mwishoni mwa 1944, baada ya rivolva iliyoanguka kufyatuka na kumuua baharia wa Marekani, kizuizi cha usalama kilibuniwa upya na herufi S ikatangulia V. Zilizokwenda kwa Waingereza na washirika wao nyingi zina mtutu wa inchi 5 na hutumia risasi ya .38 S&W, iliyo fupi na nene, wakati zile za majeshi ya Marekani nyingi zina mtutu wa inchi 4 na hutumia .38 Special, iliyo ndefu na nyembamba zaidi. Nyingine hazina mhuri wowote wa serikali, kwa kuwa zilinunuliwa kwa ajili ya polisi na walinzi wa viwanda vilivyotengeneza zana za vita. Kwa rivolva ya namna hiyo barua ina thamani kubwa, kwani mahali pengine hapana palipoandikwa kwamba ilikwenda kwa polisi wa mji fulani au kwa walinzi wa kiwanda fulani. Iliyopelekwa jeshini, kwa upande mwingine, mara nyingi safari yake katika kumbukumbu hukomea kwenye bohari, na familia inayotumaini kuona jina la babu aliyepigana itavunjika moyo.

Kasoro kubwa ya huduma hii, ingawa siwezi kuilaumu taasisi kwayo, ni kwamba barua inaieleza rivolva kama ilivyokuwa siku ilipotoka mlangoni. Baada ya vita, rivolva nyingi zilizokuwa za Waingereza zilichimbwa upya vyumba vya silinda ili zipokee risasi ya .38 Special, na baadhi zikakatwa mitutu. Kazi hiyo hushusha thamani, na pia huleta shaka ya usalama, maana vyumba vilivyochongwa kwa risasi nene huliachia ganda jembamba livimbe linapofyatuliwa. Ukiona mtutu umeandikwa .38 S&W CTG, lakini kila chumba kinaipokea risasi ya .38 Special mpaka mwisho, jua kwamba fundi amekwisha kupita hapo. Hilo ni la kupimwa na fundi wa silaha mwenye leseni.

Rangi ndiyo inayopandisha au kuangusha bei kuliko kitu kingine chochote, na hapa namsihi kila mrithi asisugue, asing'arishe, wala asipeleke silaha kupakwa upya. Kutu hafifu iliyotulia inavumilika. Rangi mpya inaweza kuondoa nusu ya thamani. Itazame kwenye mwanga wa dirisha: kingo za fremu ziwe kali, herufi zisomeke hadi pembeni, na matundu ya skrubu yasiwe yamebonyea kama visahani. Nyundo na kifyatulio vya rivolva nyeusi huwa na mawimbi ya rangi ya chuma kilichochomwa, kwa hiyo vikiwa vyeusi sawasawa na fremu, shuku kwamba vimepakwa baadaye. Nyota ndogo iliyopigwa karibu na namba kwenye kitako humaanisha kwamba silaha ilirudishwa kiwandani kufanyiwa kazi, na wanunuzi huiheshimu zaidi kazi hiyo kuliko ya fundi wa mtaani.

Kwa bei, usifuate takwimu anazotaja muuzaji kwenye tangazo lake, maana hiyo ni bei anayoitamani. Tazama zilizolipwa kweli, kwa mfano katika kumbukumbu za minada ya Rock Island Auction Company, ukilinganisha mtutu, rangi na hali, huku ukikumbuka kwamba mnunuzi huongezewa ada ya mnada ambayo haimfikii muuzaji. Victory ya kawaida, iliyopakwa upya, haistahili dola 100 za barua. Lakini Registered Magnum, rivolva ya kiwanda hichohicho ya miaka ya 1930, isiuzwe bila barua, kwa kuwa kila moja ilitengenezwa kwa agizo la mnunuzi.

Jambo la mwisho linahusu tarehe. Sheria ya shirikisho ya Marekani huihesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa ya kale, na hilo hubadilisha idadi ya wanaoweza kuinunua kwa urahisi, lakini barua hutaja tarehe ya kusafirishwa. Kiwanda hakikusafirisha kwa mpangilio wa namba, na rivolva iliweza kukaa ghalani miaka kadhaa, kwa hiyo barua yenye tarehe ya 1901 haitoshi kuthibitisha kwamba fremu ni ya karne ya 20. Msomaji aliyeikuta silaha ya namna hii katika mali ya marehemu Kenya au Tanzania aanzie kituo cha polisi kabla ya kuandika barua yoyote.