Uzoefu wangu na kamera ya kuongozea ASI120MM Mini: kazi yote iko kwenye fokasi

Kamera hii ya kampuni ya ZWO naitumia kwenye darubini ndogo ya kuongozea yenye urefu wa fokasi wa milimita 120, pamoja na PHD2, programu ya bure. Inaitazama nyota tu wakati darubini kuu inapiga picha. Nyota ikihama kidogo, programu inaiamuru maunti (kishikilio chenye mota kinachozungusha darubini) irekebishe. Nimeridhika nayo sana. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, pikseli 1280 kwa 960, na inaingia kwenye tundu la inchi 1.25.

Wengi hukwama kwenye fokasi. Ukianza usiku, kioo cha kompyuta kinakuwa cheusi tupu na unaweza kudhani kamera imekufa, kumbe mwanga wa nyota umetawanyika mno hauonekani. Mimi huanza mchana. Naelekeza kwenye mnara wa mbali (jua liwe upande mwingine kabisa!), naweka eksposha fupi mno, kisha naingiza na kutoa kamera taratibu mpaka kingo za mnara zikolee. Hapo natia alama ya kalamu kwenye mrija.

Usiku alama hiyo inakufikisha karibu. Tafuta kwanza nyota angavu, kisha hamia iliyofifia kidogo, maana PHD2 ikiandika SAT ujue nyota imezidi mwanga na vipimo vyake havifai. Weka eksposha ya sekunde 2, fungua dirisha la umbo la nyota, ufuate namba ya HFD (kipimo cha upana wa nyota; ikiwa ndogo, fokasi ni nzuri) badala ya macho. Kila ukigusa, subiri picha kadhaa zipite, kwa sababu hewa inayotikisika huipandisha na kuishusha namba hiyo. Itashuka, itashuka, halafu itaanza kupanda: rudi nyuma kidogo ufunge.

Kufunga nako kuna mambo yake. Skrubu ya darubini yangu ndogo, ya kampuni nyingine, huisukuma kamera ikikazwa, hivyo naisoma HFD tena baada ya kukaza. Huo ndio udhaifu pekee niliouona, na si wa kamera.

Usisahau kuiambia PHD2 ukubwa wa pikseli, mikroni 3.75, na ule urefu wa fokasi. Pikseli moja hapo ni kama sekunde 6.4 za tao (kipimo cha pembe angani; digrii moja ina 3600). Si haba, kwani programu hukadiria kitovu cha nyota hadi sehemu ndogo ya pikseli. Kwa darubini kuu fupi inatosha kabisa. Ikiwa na urefu wa fokasi wa milimita 1000 na zaidi, ningeifunga kamera hii hii kwenye darubini ya kuongozea iliyo ndefu zaidi.