Pensheni Jamii Zanzibar: bibi kaipa nyota nne, ya tano kaizuia

Naandika kwa niaba ya bibi maana simu yake ni ya tochi. Kalima mwani Paje miaka na miaka, hajawahi kuajiriwa, kwa hiyo ZSSF, mfuko wa pensheni wa waajiriwa wanaochangia, kwake ni jina la jengo tu, hakukatwa kitu na halipwi kitu. Pensheni Jamii, hela ya serikali kwa wazee, ilipoanza Aprili 2016 akajua ni maneno ya siasa yale. Ikaja kweli, elfu ishirini kila mwezi, na sasa ishapandishwa ni elfu hamsini.

Nnachoipendea haina maswali. Ushafika 70 na we Mzanzibari unaishi hapa, basi, hawakuulizi una mtoto Oman anakutumia au huna, nyumba bati au makuti. Kuna TASAF pia, mfuko wa serikali wa kaya maskini, bara na hapa Zanzibar, lakini kule mpaka kaya ipite mchujo wa umaskini, na watu wa mtaa mmoja wakianza kupimana umaskini mnajua wenyewe inavokuwa.

Elfu hamsini tusidanganyane, dawa ya presha, sukari, mchele kidogo, ishakwisha. Lakini zamani bibi akinipigia nilikuwa najua tu, salamu dakika kumi, hujambo, wenzio hawajambo, kazi vipi, ndo aje aseme unga umekwisha. Siku hizi anapiga kusalimia kweli! Hela anaifunga pindo la kanga, mafundo mawili, akifungua anampa mtoto wa mdogo wangu mia tano ya ubuyu na hapo hakai mtu kifua mbele kama yeye.

Sasa nyota ya tano. Kituo kimoja tulichowahi kuchukulia, sikitaji, tumefika saa moja na nusu asubuhi wazee wamekaa mchangani, kiti kipo kimoja, cha karani. Majina anasoma kwa sauti ya kunong'ona na wazee masikio ndo hayo tena, bibi kaitwa mara mbili hakusikia akarudishwa mwisho, tumetoka adhuhuri ishaadhiniwa. Kuuliza naambiwa mfumo. Mfumo na kiti wapi na wapi jamani?

Jengine, angalieni miaka kwenye kitambulisho. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, mwaka ulikisiwa tu, jirani yetu kwa sura kashapita 70 zamani ila kadi inasema 66 basi anangoja. Mwenye mzee anayekaribia aende kwa sheha mapema, na siku ya kuchukua mbebeeni kigoda.