Nimerudia upasuaji wa kupunguza tumbo, ila nesi wa mizani sijamsamehe

Naanza na mizani maana ndiyo inayonichoma mpaka leo. Wameiweka kwenye korido, mbele ya benchi la wagonjwa. Mimi nimetoka Kigoma mpaka Dar kwa treni, usiku mbili, miguu imevimba. Napanda, na binti wa rika la kitindamimba wangu, shikamoo hana, anapaza sauti kwa mwenzake wa dirishani: "Andika mia na kumi na nne. Huyu ndiye yule aliyeshakatwa." Kisha ananigeukia: "Mama, hela yote ile umeimalizia kwenye ugali?"

Benchi zima kimya. Baba mmoja akajifanya anasoma simu. Nilishuka nikavaa kandambili, ya kushoto nikaiweka kulia.

Upasuaji wa kwanza nilifanyiwa miaka kadhaa nyuma, hukohuko Dar, ule wa kukata sehemu kubwa ya tumbo linabaki jembamba kama ndizi. Kutoka kilo 136 nikashuka hadi 98. Wateja wangu wa vitenge pale soko la Mwanga wakaanza kuulizana chini chini kama naumwa. Halafu kilo zikarudi, moja moja, bila kelele.

Na wala si ugali, we binti! Ugali wa muhogo kwa mgebuka wa mawese nilikuwa nakula matonge manne basi, sishuki la tano. Aliyegundua ni kijana wa lishe, mpole, aliniamkia kwanza. Akauliza: "Mama, kati ya chakula na chakula unakunywa nini?" Nikamtajia chupa yangu ya chai ya maziwa, ile ninayoiweka chini ya meza ya vitenge, nusu ya chupa kabla ya adhuhuri, na sukari yake ya kutosha. Akaniambia tumbo dogo linazuia tonge, halizuii chai. Inateremka tu, na sukari yote inaingia mwilini. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza habari ya chai.

Daktari naye, niseme haki yake, hakukimbilia kisu. Nilinyweshwa dawa nyeupe nzito kama chokaa, nikapigwa picha, siku nyingine nikaingizwa kamera kupitia mdomoni. Tumbo lilikuwa limetanuka upande wa juu. Akanieleza wazi kwamba kurudia ni kugumu kuliko mara ya kwanza, ndani kuna makovu, hatari ya mshono kuvuja ni kubwa zaidi, na kilo hazitashuka kwa kasi ile ya mwanzo. Akanirudisha kwa yule kijana wa lishe miezi kadhaa, chai bila sukari, ndipo akanifanyia baipasi: kifuko kidogo cha tumbo kinaungwa na utumbo kwa chini, chakula kinaruka sehemu ya mwanzo ya utumbo.

Sasa nina kilo 95. Vidonge vya vitamini, madini ya chuma na kalsiamu ni vya maisha. Juzi kati kwenye harusi ya Ujiji nilijisahau, nikanywa soda nusu glasi. Jasho, moyo unadunda, wifi zangu wakanilaza kwenye mkeka chumbani kwa bibi harusi huku wananipepea na kanga. Daktari alikuwa amenionya kuhusu sukari.

Nilikaa kuandika nikiwa na neno moja: msiende. Lakini nikivaa gauni langu la zamani naona nitakuwa nasema uongo. Daktari nyota tano. Kijana wa lishe tano. Hospitali yenyewe nne... hapana, mbili. Mizani ile ingekuwa chumbani, na mlango ukafungwa, ningewapa zote.

Natakiwa kurudi kupimwa damu. Nimeshaahirisha mara mbili. Mume wangu nimemwambia ni nauli.