Trekta jipya la wakala au lililotumika la yadi: ulinganisho kwa wakulima wa Mbeya na Iringa

Mkulima wa mpunga wa Mbarali anayetafuta trekta huwa na njia mbili: kununua jipya kwa wakala mjini, au lililotumika kwa muuzaji wa yadi. Wakala hutoa waranti, lakini waranti hiyo hudumu tu ikiwa matengenezo yanafanyika kwa wakati, ya kwanza aghalabu yakiwa baada ya saa 50 za kazi. Hapo ndipo malalamiko huanza, kwa sababu mvua za Novemba zikikaribia kila mteja humhitaji fundi siku hiyohiyo, naye fundi, mwajiriwa wa mshahara anayetegemea gari la karakana, hawezi kuwa Usangu na Mufindi kwa wakati mmoja. Lawama humwangukia yeye, si meneja.

Yadi haina ahadi baada ya malipo, ingawa bei hujadiliwa, na Massey Ferguson ya zamani hutengenezwa hata na fundi wa kijijini, ambaye hulipwa kwa kazi na hivyo hufika haraka. Kwa maoni yangu, anayelima mashamba ya wengine kwa malipo aende kwa wakala, mradi aulize kwanza kama vipuri vipo ghalani au huagizwa kutoka Dar es Salaam.