Butiama: kumsalimia Mwalimu mwenzangu

Nimeshika chaki miaka 31, kwa hiyo makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama niliyaendea kama mtu anayekwenda kumsalimia mwenzake. Kijana aliyetutembeza anaijua kazi, hakukariri. Nilipomuuliza habari za shule ya Pugu, akaeleza taratibu: Nyerere alifundisha pale baada ya kurudi kutoka Edinburgh 1952, chama cha siasa cha TANU kikazaliwa Julai 1954, na 1955 akaacha ualimu, na mshahara ndiyo basi tena. (Hapo mke wangu akanitazama.) Zawadi alizopewa nilizipita haraka. Kaburini nilikaa sana. Kilichotuchosha ni daladala tuliyopanda kutoka Musoma, magoti kidevuni njia nzima. Nendeni asubuhi, na mwenye haraka mwacheni nyumbani.