TAHADHARI: Ringi za resi "mpya" zilizopakwa rangi, nimelizwa na sitaki ulizwe

Wadau, hasa nyie wenye baiskeli za resi za chuma za zamani, kuna muuzaji wa ringi anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Dar akisema yuko Arusha. Jina siliweki kwa sababu kila grupu ana jina jipya. Utamjua kwa picha: jozi ya ringi nyeusi tii, kamili na spoki zake, zimeegeshwa kwenye geti la bluu. Maelezo nayo hayabadiliki: "Aloi mpya, inchi 28, zinaingia resi yoyote." Ukiziona, pita.

Mimi sikupita. Baiskeli yangu ni Raleigh niliyoachiwa na mjomba, ringi zake za asili ni 27 kwa 1¼, na ya nyuma ilichanika kwenye tundu la spoki. Nikamwandikia jamaa: zangu ni 27, hizo zako 28, zitaingia kweli? Akajibu chapchap, "Kaka, 27 na 28 ni majina tu, funga usahau." Nikamtumia 190,000 kwa simu. Mzigo ukapanda basi, kesho yake usiku nikaupokea Mbezi, nimefurahi kama mtoto wa Idi.

Sasa hiyo "majina tu" ndiyo ndoano yenyewe, maana ina kaukweli ndani yake. Ringi ya inchi 27, pale tairi inapokaa, ina kipenyo cha milimita 630. Ile 700C ya resi za siku hizi, ambayo wengi wanaiita 28, ni milimita 622. Ndiyo, 28 ni ndogo kuliko 27, usiniulize mimi. Na kuna 28 nyingine kabisa, ya Phoenix na zile baiskeli nyeusi za breki za fito, hiyo ni 635. Kwa hiyo mtu akikwambia "28" bado hajakwambia kitu. Soma ubavuni mwa tairi: 32-630, 28-622, 40-635. Namba ya mwisho ndiyo inayoamua. Muuzaji asiyetaka kukutajia hiyo namba anajua kwa nini hataki.

Niwe mkweli, 622 badala ya 630 peke yake isingeniua. Mpira wa breki unashuka milimita nne, na kama mkono wa breki una mfereji wa kutosha, unafika. Watu wengi wamehamia huko kwa sababu tairi za 630 kuzipata ni kazi.

Nilikwama kwenye upana wa habu, kile kitovu cha katikati ya gurudumu. Resi za gia sita au saba kwa nyuma, kama yangu, nafasi kati ya miguu ya nyuma ya fremu ni milimita 126. Za baadaye zikawa 130. Hii niliyoletewa, fundi wangu wa Buguruni aliipima mara mbili: 135, habu ya baiskeli ya milimani. Nikamuuliza, mzee, si tutanue fremu tu? Akanitazama juu ya miwani. "Nne nakutanulia, mbili huku mbili huku, chuma kinakubali. Tisa utanilaumu." (Na kama fremu yako ni ya alumini au kaboni, hata hizo nne usithubutu.) Juu ya hapo habu ilikuwa ya kaseti, yaani gia zinachomekwa kwenye meno ya habu, wakati gia zangu ni friwili, ile ya kufunga kwa nyuzi. Hakuna pa kuifungia.

Hadi hapo ningesema ni ujinga wangu na uzembe wake. Kilichonifanya niandike ni rangi.

Mzee alishika ringi ya nyuma, akapitisha kucha pale breki inapobana, akanyamaza. Akachukua msumari, akakwangua. Rangi ikabanduka kama ganda la yai, chini yake pati, ile ya kuzibia bodi za magari. Akaikwangua yote kipande cha kama kidole, kisha akalaza rula ya chuma juu ya ukuta wa ringi na kuinyanyua kuelekea dirishani. Mwanga ukapita katikati. Ukuta ulikuwa umebonyea kama kijiko, na ule mfereji mwembamba unaowekwa kiwandani ili uone ringi imeisha ulikuwa umezibwa pati.

Kwa ambaye hajui: ringi ya breki za kubana inalika kama soli ya kiatu, mchanga na mvua vinaisaga kila ukifunga breki. Ukuta ukishuka chini ya milimita moja, upepo wa tairi unaweza kuufumua, na mara nyingi ni pale ulipobana breki kwa nguvu. Fikiria uko mteremko wa Kitonga na nyuma yako kuna lori. Huyu mtu hakukosea saizi. Alikaa chini, akachanganya pati, akasugua msasa, akapaka rangi, akijua kabisa kuna mtu ataipanda.

Nilipomrudia akasema mzigo ukishapanda basi biashara imeisha, halafu akaniblock. RB ya polisi ninayo, na namba yake nimeiripoti 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu.

Ukitaka kununua ringi kwa picha, kwa huyu au kwa mwingine, dai video na siyo picha: tairi imetolewa, rula imelazwa kwenye ukuta wa breki, rula nyingine inapima habu kutoka nati hadi nati (zile za ndani, zinazogusa fremu), na upande wa gia uonekane. Akisema hana rula, mwambie dukani ni jero. Ringi ya aloi mpya kwa kawaida ukuta wa breki uko mtupu, unang'aa. Ukiona rangi nyeusi mbichi pale breki inapogusa, uliza mara mbili.

Mwishowe mzee alichukua habu yangu ya zamani, akaisafisha, akaisukia ringi ya 622 yenye matundu 36 niliyoitafuta Kariakoo siku nzima, na spoki akazipima upya moja moja. Friwili yangu imerudi mahali pake, mpira wa breki umefika umebakiza uzi.

Zile nyeusi, watu wawili wameshaniuliza kama naziuza. Nimezikata kwa msumeno. Habu nimezibakiza, gololi zake bado nzima.